Commodore 64 ya mzee, niiwashe hivihivi?

Wakuu nimerithi Commodore 64 ya mzee, ile kompyuta ya zamani, imekaa stoo miaka kibao, nataka niichomeke tu nione kama inawaka, kuna noma?

— Usithubutu mkuu! Adapta yake ya zamani inatoa volti 5 za DC na 9 za AC, sasa regyuleta (kidhibiti volti ndani yake) ikichoka ile 5 inapanda na chipu za RAM (kumbukumbu ya kompyuta) ndo zinakufa. Pima kwanza.

— Hata ikisoma 5 leo usiiamini, ikishapata moto inaweza kubadilika, mi nilinunua adapta mpya nikalala usingizi.

— Nina mita ya kupimia betri ya gari, inafaa?

— Inafaa, weka kwenye DC volti 20, ila adapta isiwe imechomekwa kwenye kompyuta. Ikizidi 5.25 tupa kule.