Nimepanda kutoka kilo 57 hadi kilo 61 na sasa nazidiwa ulingoni, naomba ushauri

Bondia wa Unguja

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni kijana wa miaka 24, na nimeingia ngumi za kulipwa baada ya mchezo huu kuruhusiwa tena hapa Zanzibar mwaka 2023, kufuatia marufuku iliyodumu tangu zama za Mzee Karume. Katika kilo 57 nilicheza mapambano sita bila kupoteza hata moja, lakini kupunguza mwili kulinishinda, kwani siku mbili kabla ya kupima uzito nilikuwa siruhusiwi hata maji ya kutosha. Nikapanda hadi kilo 61. Tangu hapo nimecheza mapambano matatu: mawili nimepoteza kwa pointi, na la mwisho mwamuzi alilisimamisha raundi ya nne.

Nimeitazama video ya pambano hilo mara nyingi. Kila nikipiga jabu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, mkono unarudi ukiwa umeshuka kifuani, na nikishambuliwa narudi nyuma moja kwa moja mpaka mgongo unagusa kamba. Halafu wananikumbatia na kuniegemea, na ikifika raundi ya tatu miguu haina nguvu tena. Je, nirudi kilo 57?

Kocha wa Kikwajuni

Wa alaykum salaam, mwanangu. Makosa unayoyataja ulikuwa nayo tangu kilo 57, ila wapinzani wako wa wakati ule walikuwa na mikono mifupi, na hatua yako moja ya kurudi nyuma ilitosha kuifanya ngumi yao ipite hewani. Mtu wa kilo 61 mwenye mkono mrefu akipiga baada ya hatua ileile, ngumi inafika, na inafika kwenye shavu ambalo mkono wako umeliacha wazi.

Jambo la pili ni uzito wenyewe. Katika ngumi za kulipwa tunapima siku moja kabla ya pambano, kwa hiyo mwenzako anayejikamua mpaka kilo 61 hunywa, hula na kulala, na kesho yake huenda akapanda ulingoni akiwa na kilo 65 au zaidi. Wewe mwili wako wa kila siku una kilo ngapi? Kama ni 62, basi umekuwa ukipigana na watu wakubwa kuliko wewe bila kujua, na ndiyo maana ukiegemewa unachoka.

Bondia wa Unguja

Ni kilo 62 na nusu, Maalim. Sikuwahi kulifikiria hilo.

Mkaazi wa Wete

Kaka, kwa nini uliruka? Kati ya kilo 57 na kilo 61 pana uzito wa takribani kilo 59, na kwa mwili huo ndipo penye nafasi yako. Guillermo Rigondeaux, bingwa mara mbili wa Olimpiki, aliruka ngazi mbili za uzito mwaka 2017 kwenda kumkabili Vasiliy Lomachenko, naye hakuinuka kitini baada ya raundi ya sita. Lomachenko huyohuyo alipopanda hadi kilo 61 mwaka uliofuata, Jorge Linares alimwangusha raundi ya sita kabla ya yeye kushinda raundi ya kumi.

Muuguzi wa Mkoani

Mdogo wangu, kabla hujajibu habari za kilo, nieleze kichwa chako. Baada ya pambano kusimamishwa ulipumzika siku ngapi?

Bondia wa Unguja

Siku kumi, dada yangu, kisha nikaanza sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzangu. Kichwa kiliuma kidogo jioni, lakini nilidhani ni jua.

Muuguzi wa Mkoani

Acha sparingi kuanzia leo na uende ukaonwe na daktari, umweleze hayo yote bila kuficha. Ubongo uliotikiswa ukipigwa tena kabla haujapona unaweza kupata madhara makubwa, hata kwa ngumi ambayo zamani usingeijali.

Kocha wa Kikwajuni

Msikilize dada yako. Daktari akisharuhusu mazoezi mepesi, na kabla hujarudi kwa mpinzani, funga kamba chumbani kutoka ukuta hadi ukuta kwa kimo cha bega lako, upite chini yake huku na huku kwa kukunja magoti, kidevu kikiwa chini na mikono ikiwa mashavuni. Ukirudi nyuma, hesabu hatua mbili tu, kisha ujigeuze kwa mguu wa mbele utoke pembeni. Kwenye pedi, mwambie mwalimu wako akuguse shavu kila jabu inaporudi chini, bila kukuonea huruma.

Ukikumbatiwa usishindane kusukuma. Ingiza mikono yako ndani ya mikono yake, weka kichwa begani kwake, mzungushe, umpige mbavuni kwa ngumi fupi. Kukimbia ufukweni peke yake hakukupi nguvu hizo. Chuchumaa na uzito mabegani mara mbili kwa wiki.

Bondia wa Unguja

Nashukuru sana. Nimempigia promota kumwambia kuwa pambano lijalo sitaliweza, na asubuhi nakwenda hospitali. Maalim, nikiruhusiwa, naomba nije Kikwajuni unione kwa macho yako.

Kocha wa Kikwajuni

Njoo baada ya sala ya alasiri, na uje na video zote tatu.