Msumeno wa mkono na bapa la mpini mrefu kwa kupogolea miti ya uwanjani: nichague upi?

MwenyeUwanja_Mbezi:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninaishi Mbezi Beach katika kiwanja chenye miembe miwili mikubwa, mkungu unaoegemea ukuta wa jirani, na mkrismasi ambao matawi yake yameanza kulalia bati la banda la kuku. Hadi sasa kazi ya kupunguza matawi imefanywa na vijana wanaopita na mapanga, nao huacha visiki vilivyopasuka ambavyo masika yakipita huoza na kuvamiwa na mchwa. Nimeamua kununua vifaa vyangu mwenyewe, yaani msumeno mmoja wa mkono na mwingine wa kufungwa kwenye mpini mrefu. Katika maduka ya Kariakoo nimeona mabapa yaliyonyooka na yaliyopinda, yenye meno makubwa na madogo, na muuzaji akanihakikishia kwamba yote yanafanya kazi ileile. Naomba kufahamishwa kama ni kweli, na pia mpini uwe na urefu gani.

BustaniPwani:

Ndugu, muuzaji huyo hajawahi kukata tawi la mwembe mbichi. Jambo la kwanza la kutazama si mkunjo wala urefu, bali ni upande ambao meno yameelekea. Meno ya msumeno wa kawaida wa seremala yameelekea mbele, kwa hiyo hukata unaposukuma, na ndiyo maana bapa lake hufanywa nene ili lisijikunje. Msumeno mzuri wa kupogolea meno yake yameelekea mpini, hivyo hukata unapovuta. Bapa likivutwa hujinyoosha lenyewe, kwa hiyo linaweza kuwa jembamba, likatoa unga kidogo na kuuchosha mkono kidogo. Ule usemi kwamba msumeno hukata mbele na nyuma tuwaachie mahakimu. Huu wetu hukata upande mmoja tu, na unapourudisha mbele usiukandamize, kwani hapo ndipo mabapa mengi hupinda au kukatika. Dukani, pitisha kidole taratibu juu ya meno kutoka mpinini kwenda nchani: yakikukwaruza, huo ni wa kuvuta.

Mkunjo ni suala la kimo. Kwa matawi yaliyo usawa wa kifua, bapa lililonyooka ni bora kwa sababu linaongozeka na linamaliza mkato safi karibu na shina. Kwa matawi yaliyo juu ya kichwa, na hasa kwa mpini mrefu, chukua lililopinda kwa ndani, kwa kuwa kila unapovuta mkunjo wenyewe huyazamisha meno kwenye mti bila wewe kukandamiza. Bapa lililonyooka huko juu hurukaruka juu ya gome na kulichubua kabla halijapata pa kuingia. Hakikisha pia kwamba ncha ina ndoana ndogo inayozuia bapa kuchomoka kwenye mkato, maana kuchomoka huko kunaudhi kweli ukiwa umeinua mpini wa mita 4 na jasho la Februari linakuingia machoni.

Kuhusu meno, mti mbichi hutoa unga wenye majimaji unaoziba nafasi kati ya jino na jino, hivyo unahitaji meno makubwa, takriban 5 hadi 7 kwa inchi. Meno ya 8 hadi 10 kwa inchi yanafaa matawi membamba na miti mikavu. Angalizo: watengenezaji wa Japani, ambao mabapa yao nayapenda kuliko yote, huhesabu meno kwa milimita 30 na si kwa inchi, kwa hiyo usilinganishe namba hizo moja kwa moja. Urefu wa sehemu yenye meno uwe angalau mara mbili ya unene wa tawi. Kwa tawi la sentimita 12, bapa la sentimita 30 linatosha. Matawi ya chini ya sentimita 2 yakatwe kwa mkasi.

MamaMiche_Kimara:

Nakubaliana na maelezo hayo, ila naongezea jambo ambalo wauzaji hulinyamazia. Mabapa mengi ya siku hizi ncha za meno zimekomazwa kwa joto kali la ghafla, na utazitambua kwa rangi ya buluu iliyokolea au nyeusi huku bapa lililobaki likiwa na rangi ya chuma. Meno hayo hukaa na makali kwa muda mrefu sana, lakini hayanoleki, kwani tupa huteleza juu yake bila kutafuna kitu. Yakiisha makali unabadili bapa zima. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza kama bapa la akiba linauzwa peke yake, na ulinganishe matundu ya skrubu na ya mpini wako palepale dukani, kwa sababu hutofautiana kati ya kampuni na kampuni.

Kwa miembe, jihadhari na utomvu. Hugandia bapa hadi likawa zito kuvuta, na unaweza kuunguza ngozi, kwa hiyo vaa mikono mirefu na miwani. Ukimaliza kazi, futa bapa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, likaushe, kisha lipake mafuta ya mashine. Hapo Mbezi Beach upepo wa chumvi hausubiri. Bapa lililopakwa kromiamu huvumilia zaidi.

MwenyeUwanja_Mbezi:

Ahsanteni sana. Limebaki suala la mpini: nichukue wa alumini unaorefushwa, au nifunge bapa kwenye mwanzi kama upondo wa kuangulia maembe? Niseme pia kwamba nyaya za umeme zinapita karibu na mkungu.

Mzee_wa_Ukwaju:

Hilo la nyaya ungeanza nalo, ndugu yangu. Alumini hupitisha umeme, na mwanzi wenye unyevu hupitisha pia. Hata mpini wa faibaglasi usiutegemee kukukinga, kwa kuwa vumbi na maji juu yake vinatosha kuharibu mambo. Njia za usambazaji za TANESCO huwa na msongo wa kilovolti 11 au 33. Mkungu huo usiuguse kabisa. Toa taarifa kwao waje wenyewe. Kwa miti mingine, wewe na mpini wako mkae mbali na waya wowote, si chini ya mita 3, ukikumbuka kwamba tawi linaloanguka nalo lina urefu wake.

Kwa miembe, mwanzi haufai kwa kuwa hujipinda na nusu ya mvuto wako hupotea kabla haujafika kwenye meno. Chukua alumini ya mita 4. Ukijumlisha kimo chako unafika karibu mita 5 na nusu, na yaliyo juu zaidi waachie wenye kamba na mikanda. Usisimame chini ya tawi. Lipunguze vipande vipande kuanzia nchani, kisha kipande cha mwisho, ukikifikia kwa msumeno wa mkono, ukikate kwanza kwa chini hadi theluthi moja ya unene, ndipo ukate kwa juu vidole vichache mbele yake, upande wa nchani, ili gome lisichanike hadi shinani. Mkato wa kumalizia upite nje kidogo ya ule uvimbe uliopo pale tawi linapoungana na shina, bila kuukata uvimbe wenyewe na bila kuacha kisiki. Mtafiti wa Marekani, Alex Shigo, alipasua miti mingi sana na kuonyesha kwamba mti hauponyi jeraha kama ngozi, bali hulizingira kwa ndani. Ukiukata uvimbe huo umeuondolea kinga, na ukiacha kisiki umeualika uozo, kama ulivyoshuhudia. Rangi au lami juu ya jeraha haisaidii.

Miembe ipogoe mara tu mavuno yanapokwisha, Februari au Machi, kwa sababu maua hutoka kwenye ncha za machipukizi yaliyokomaa, na ukikata Juni utakuwa umekata maembe ya Desemba.