Redio ya ambulensi inafunikwa na kelele injini ikiwaka

dereva_eastlands: Wadau, gari ni HiAce ya paa refu, redio ya VHF wati 50, masafa karibu 155 MHz. Injini ikizimwa tunasikilizana na kituo kwa shida. Nikiwasha injini na vimulimuli, kelele tupu. Bonde la Mathare, hapa Nairobi, ndiko kubaya zaidi. Redio imeshabadilishwa, hali ni ileile.

fundi_antena: Usinunue redio nyingine, angalia paa. Paa hizo refu mara nyingi ni za faiba, na antena ya robo wimbi (fimbo yenye urefu wa robo ya wimbi la redio) inataka chuma chini yake. Bila chuma, hiyo ni nusu antena. Bandika ndani ya paa mikanda minne ya shaba, kila mmoja sentimita 48, itawanyike kama msalaba kutoka kwenye kitako cha antena na ishikane na nati yake. Bati la alumini la upana wa mita moja ni bora zaidi, likienea. Kisha pima SWR, yaani kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena kwenye redio. Chini ya 1.5 ni safi; ikifika 3 acha kubonyeza kitufe cha kuongea, utaunguza redio. Ikisoma vizuri kwenye masafa ya chini kuliko yako, fimbo ni ndefu: kata milimita mbili mbili, pima tena.

umeme_wa_magari: Na kelele je? Mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta ni altaneta (inayochaji batri), unapitia kwenye waya. Vuta chanya moja kwa moja kutoka kwenye batri, fyuzi ya ampea 15 ikae karibu na batri. Tundu la kuwashia sigara sahau. Bonyeza kitufe huku injini inanguruma, upime volti nyuma ya redio. Zikishuka chini ya 12, waya ni mwembamba au kiungio kimelegea. Mkwaruzo usiobadilika ni wa vimulimuli vya LED au chaja ya simu. Fungua skwelchi (kinachonyamazisha redio pasipo na ujumbe), uzime kimoja kimoja hadi kelele ikatike.

dereva_eastlands: Paa ni faiba kweli. Antena iko sentimita 20 tu kutoka kwenye vimulimuli.

fundi_antena: Basi isogeze nyuma kadiri waya unavyofika.

wa_zamu_usiku: Mkumbuke mgonjwa. Faiba haizuii mawimbi, na wati 50 juu ya kitanda zinaweza kuvuruga mashine ya ECG, ya kupima mapigo ya moyo. Shusha hadi wati 25, unapoteza desibeli 3 tu (kipimo cha nguvu ya mawimbi). Ijaribu mashine gari likiwa tupu, mwenzako akibonyeza kitufe. Bondeni kutabaki na shida kidogo, hapo inategemea ripita (mtambo unaopokea na kurusha tena mawimbi) imewekwa wapi. Fundi akitaka kukuhamishia masafa mengine, mkatalie: masafa mnayotumia ndiyo yaliyo kwenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.