Kusampo ilimba ya Kigogo: kukata na kupa majina mafaili kunanimaliza, nyie mnafanyaje?

ProdyuzaNkuhungu:
Wakuu habari. Niko Dom hapa, nina kastudio kangu Nkuhungu, napiga gospo na singeli kidogo kwa wanaotaka. Nimepata mzee mmoja wa Chamwino anapiga ilimba (ile ala ya boksi lenye vyuma vya kudonoa kwa vidole gumba) balaa, kakubali tukae nimrekodi chuma kimoja kimoja niwe na ilimba yangu kwenye kibodi, maana hizi za kwenye plagini (ala za kwenye kompyuta) hazina kabisa ile nzzz ya utando wa buibui unaobandikwa kwenye boksi, zinalia kama mlio wa meseji. Kurekodi siogopi, kazi iko baada ya hapo, kukata kila mpigo kwa mausi, kuupa jina, kuupandisha sauti, kuuweka kwenye kibodi, unakesha na laptopu na hata nusu hujafika. Kuna njia ya chap? Na kila chuma apige mara ngapi?

fundi_makole:
Mkuu, kazi yote iamulie pale pale kwenye kurekodi, ukifika kwenye kukata iwe imeshaisha kichwani. Chukua mfano ilimba ya vyuma 30, kila kimoja unataka nguvu tatu (taratibu, kati, kwa nguvu) na kila nguvu apige mara nne ili zipokezane, bila hivo ukirudia noti haraka inasikika mashine tupu. Hiyo ni 30 × 12, mipigo 360. Ukiacha sekunde 5 kwa kila mmoja ni dakika 30 tu, na kwa ubora wa 24 biti 48 kHz mono ni kama MB 260, hata flashi ndogo inabeba. Ila mpangilio usivunjwe hata mara moja, kushoto kwenda kulia, taratibu kwanza, nguvu mwisho. Mzee akikosea asisimame wala wewe usizime, piga kofi moja karibu na maiki af arudie, lile kofi utaliona kwenye picha ya sauti limesimama kama mlingoti, unalifuta pamoja na mpigo wa kabla yake unaendelea.

Ukirudi studio, programu ya kurekodia ya Reaper inakata yenyewe palipo kimya (ile dynamic split), Audacity nayo ina Label Sounds, halafu unatoa zote kwa mpigo zikiwa na namba. Kwa vile mpangilio unaujua, namba 1 mpaka 12 ni chuma cha kwanza, 13 mpaka 24 cha pili, majina unayatengeneza kwenye eksel unaburuza chini yanajijaza. Faili la SFZ (linaloiambia kompyuta sampo ipi ilie kwenye kitufe kipi) ni maandishi tu, linafunguka hata kwa Notepad, kwahiyo mistari yote 360 eksel hiyohiyo inakuandikia, unabandika, programu ya Sforzando inasoma na kupiga, na ni ya bure.

Na usipandishe sauti faili moja moja!! Ukifanya hivo mpigo wa taratibu unakuwa na ukubwa sawa na wa nguvu, zile nguvu tatu umeziua. Pandisha rekodi nzima kwa kiasi kimoja kabla ya kukata.

DadaMaiki:
Naongezea, usiende kurekodia chini ya mti eti ndo asili, upepo wa Dodoma mnaujua. Tafuta chumba chenye magodoro na nguo, ila bati likipata jua la saa sita linaanza kulia tak tak, kwahiyo anzeni asubuhi mapema. Na rekodi sekunde 20 za kimya cha hicho chumba, utazihitaji kusafishia kelele.

mgogo_asilia:
Hayo yote sawa ila msije mkaitunia kwa piano. Skeli yetu imekaa kwenye sauti za asili za uzi, ile ya saba iko chini ya noti ya kinanda kwa senti kama 31, karibu theluthi ya nusu-toni, na hapo ndo utamu wenyewe ulipo. Msikilize marehemu Hukwe Zawose, yule mpiga ilimba wa Kigogo, utanielewa. Kila sampo iwekwe kwenye kitufe chake tu bila kuvutwa juu wala chini.

Kingine, kuna vyuma havipigwi kabisa, kazi yake ni kuitikia vingine vikilia. Kuna maprodyuza wanavizibaga kwa kitambaa eti sauti iwe safi, basi hapo umebaki na boksi.

fundi_makole:
@mgogo_asilia kweli, ila mteja akitaka iimbe na kinanda? Andika SFZ ya pili kwenye folda hilohilo, hiyo noti ya saba unaipa tune=31 (inapanda senti 31), sampo haziguswi. Anakuwa nazo mbili.

mgogo_asilia:
Ya pili mpe mteja basi, mimi nipe ya kwanza 😂

ProdyuzaNkuhungu:
Dah nimewapata wakuu. Na zeze je? Mzee analo pia.

DadaMaiki:
Zeze noti moja moja halitakupa kitu, upinde ndo unaongea. Avute mirefu na mifupi kwa kila uzi, mirefu ile sehemu iliyotulia ndo unaifanya luupu (inajirudia yenyewe), af muombe apige vipande vizima vya sekunde kumi kumi, hivyo ndo utakavyotumia zaidi, niamini. Na mlipe kabla hujafungua maiki, muandikishiane kwamba sauti zake zitauzwa au haziuzwi.