Nani aliwatuma mkate steki ya keneli? Seva za watu Kigoma zinaanguka ovyo

Wakuu, nauandika uzi huu kwa hasira na sitaki mtu aje kunipoza.

Kuna keneli (kiini cha mfumo wa Linux) "nyepesi" inayozungushwa kwa flashi hapa Kigoma mjini. Inapachikwa kwenye seva za maduka na ofisi, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, eti inaokoa RAM. Fungueni sosi yake. Kwenye page_64_types.h, THREAD_SIZE_ORDER, namba inayopanga ukubwa wa steki, ilikuwa na 2, wameweka 1. Steki ya kila thredi (kumbukumbu ndogo ambamo keneli inaweka hesabu za kila kazi inayoendeshwa) imeshuka kutoka KiB 16 hadi KiB 8. Halafu VMAP_STACK, mpangilio unaotenga steki kwa vmalloc na kuweka ukurasa wa ulinzi (kipande cha kumbukumbu kisichoruhusiwa kuguswa) mpakani mwake, imezimwa.

Pigeni hesabu basi. Seva ya duka yenye thredi 600: mara KiB 16 ni KiB 9,600, haifiki hata MB 10. Ukikata nusu umeokoa MB 5 kasoro. Kwenye mashine ya GB 4! Anayebisha aandike kwanza grep KernelStack /proc/meminfo, asome namba yake mwenyewe.

Hiyo KiB 8 ilishashindwa zamani. x86-64 ilipandishwa hadi KiB 16 kwenye keneli 3.15, mwaka 2014, baada ya steki kufurika kwenye njia ndefu. Programu inaandika faili, mfumo wa faili unaomba kumbukumbu, kumbukumbu imebana, keneli inaanza kufukuza kurasa hapohapo, inateremka hadi swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM) na draiva ya diski, na yote hayo yanalundikana kwenye steki ileile. Ikifurika bila VMAP_STACK hakuna ukurasa wa ulinzi wa kuizuia, inaandika kimyakimya juu ya data ya jirani. Seva inakufa baadaye, mahali pasipohusika kabisa, na fundi anabadilisha RAM isiyo na kosa.

Kisa cha kuizima ni draiva yao inayoweka bafa ya DMA (data ambayo kifaa kinaichukua kwenye kumbukumbu moja kwa moja bila kupitia CPU) kwenye steki, jambo ambalo steki ya vmalloc haikubali. Si muichukue bafa kwa kmalloc, yaani nje ya steki, mkimaliza mwirudishe kwa kfree! Mistari michache tu.

Toleo la pili ndilo limenikera zaidi: steki "inayojikuza". Wazo lenyewe ni la maana, lilipelekwa kwa watengenezaji wa Linux mwaka 2024. Unatenga anwani za KiB 16, unaweka ukurasa mmoja wa KiB 4, kurasa nyingine zinaingia zikihitajika. Ila zinahitajika katikati ya hitilafu (pale CPU inapogusa anwani isiyo na ukurasa), mahali ambapo huwezi kulala wala kuomba kumbukumbu kwa njia ya kawaida. Ndiyo maana kila CPU inapaswa kuwa na akiba yake, kurasa 3 ziko tayari, zinajazwa tena wakati wa kubadilisha thredi. Nyie mmeweka akiba moja ya CPU zote na kuilinda kwa spinloki, kufuli ambayo CPU inayoisubiri inazunguka papo hapo hadi iachiwe. CPU 2 inashika loki ili ichote ukurasa, steki yake inaisha humohumo, hitilafu inatokea, inaomba loki ambayo imeishika yenyewe. Imeganda. CPU 0, 1 na 3 nazo zikifika hapo zinasubiri milele.

Hata mkirekebisha hilo, x86-64 inasukuma taarifa za hitilafu kwenye steki hiyohiyo isiyo na ukurasa. Inazaliwa hitilafu juu ya hitilafu, na miongozo ya Intel inasema wazi kwamba ukifika hapo programu haiwezi kuendelezwa. Huwezi kumpachikia mwenye duka kitu cha namna hiyo bila hata kumwambia.

Wenye seva, andikeni:

grep VMAP_STACK /boot/config-$(uname -r)

Ukijibiwa "is not set", rudisha keneli ya distro yako leo. Kama keneli hiyo ina STACK_TRACER (kipimo cha steki), weka 1 kwenye /proc/sys/kernel/stack_tracer_enabled, acha seva ichape kazi siku yenye wateja wengi, jioni soma /sys/kernel/tracing/stack_max_size. Ikizidi baiti 8,192 (KiB 8), hiyo keneli ya flashi ingeiangusha seva yako siku hiyohiyo.

Na aliyeitengeneza aweke config yake nzima hapa, tuisome mstari kwa mstari.