Taarabu na riwaya za upelelezi, nichague ipi?

Kijana wa Langoni: Jamani niko hapa Lamu, nakusanya kaseti za taarabu za zamani, zingine utepe wake naurudisha nyuma kwa kalamu, na usiku naandika riwaya ya upelelezi, sasa mamangu asema nichague moja, kwani mtu hawezi zote mbili?

Mtu wa Shela: Yakhe usichague! Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alirekodi santuri Bombay 1928, muweke mpelelezi wako asake santuri moja iliyopotea. Ila hela za vitabu ni chache, mashua usiuze 😂

Bi Malindi: Mwanangu msome Muhammad Said Abdulla, mwandishi wa riwaya za upelelezi, mpelelezi wake Bwana Msa ni akili na kiko tu. Na kaseti zitie kwenye simu haraka, zangu zilishika ukungu kabatini nikalia.