Jiki pamoja na asidi ya choo: je, kuna madhara?

MkaziWaTemeke: Habari zenu, wanajukwaa. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani humimina jiki chooni pamoja na asidi ya kuondolea madoa, akisema kwamba jiki peke yake haing'arishi. Choo chetu ni cha ndani, chenye kidirisha kidogo, na mwanangu mwenye pumu hukohoa kila siku ya usafi. Je, sababu ni jiki, na nitumie nini badala yake?

Mkemia_Mstaafu: Komesheni jambo hilo leo hii. Jiki ni myeyusho wa haipokloriti ya sodiamu, ambayo ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, pale pale alipochutama anayesugua. Siki na ndimu nazo ni asidi, kwa hiyo anayezitia kwenye jiki akidhani anatumia vitu vya asili yumo katika hatari ile ile. Mkojo uliolala chooni nao huwa na amonia, na amonia ikichanganyika na jiki hutoa kloramini, inayowasha macho na mapafu. Mwageni maji mengi kwanza. Kwa mwenye pumu, hata mvuke wa jiki pekee waweza kuamsha kikohozi.

MamaWawili: Kwangu ni sabuni ya unga na brashi ngumu. Ukoko wa maji ya kisima nauloweka kwa siki usiku kucha, bila jiki kabisa. Ule ushauri wa WhatsApp wa kuchanganya siki na bekingi soda hutoa povu la kupendeza tu, kwani viwili hivyo huuana nguvu.

MuuguziTanga: Nakubali, ila msiitupe jiki. Nyumbani kukiwa na mgonjwa wa kipindupindu, siki si ya kutegemewa. Osheni kwanza kwa sabuni, kwa sababu uchafu hupunguza nguvu ya jiki, kisha changanyeni sehemu 1 ya jiki ya asilimia 3.5 na sehemu 6 za maji baridi, mlango ukiwa wazi na mtoto akiwa mbali. Linalonitia hofu zaidi ni jiki ya kupimiwa dukani kwenye chupa za maji ya kunywa. Mtoto akiinywa, msimtapishe. Asukutuliwe mdomo na apelekwe hospitali mara moja.

MkaziWaTemeke: Nashukuru. Yetu imo kwenye chupa ya namna hiyo hiyo. Naiondoa sasa hivi.